Mgonjwa Kaulizwa Uji

Walituita saa tatu, tukaanza saa tano,
kituo cha afya mtaa wa Oli, mjini Arua,
chumba cha chanjo, bado kinanuka spiriti.
Tulikuwa tisa juu ya viti vya plastiki,
mimi nikiwa na vumbi la mkaa kwenye kucha.
Bango ukutani: *Wagonjwa ni washirika wetu.*
Nikacheka kimoyomoyo. Mgonjwa haulizwi uji,
hushikwa kidevu akanyweshwa.
Leo kaitwa jikoni.

Kyomukama, kijana wa Mbarara, akafungua kompyuta.
Kiswahili chake kinachechemea, lakini alikitembeza.
Tunaifundisha simu, akasema, isikilize kikohozi,
ikijue kifua kikuu kabla ya maabara.
Akili mnemba.

Hajati Zamzam akakohoa kidogo, kwa makusudi.
"Huyo mnemba wenu amelelewa wapi?
Amewahi kulala jikoni kwangu?
Anamjua mchoma matofali wa Enyau,
na aliyekausha tumbaku miaka ishirini,
na anayepuliza kuni mbichi mwezi wa Agosti?
Sote twakohoa, mwanangu. Atatutengaje?"
Kijana akaandika. Akakiri
swali hilo hawakuwa nalo.

"Basi sikilizeni, mniambie mnasikia nini."
Kikohozi cha kwanza kikavu, jembe kwenye changarawe.
Cha pili cha mtoto.
Cha tatu
kilipiga mara mbili, kikatulia,
kikavuta pumzi kwa pua,
halafu, chini kabisa, kikasema: "ee."

Nimelala kando ya hiyo "ee" miaka kumi na saba.

"Huyo ni Obitre," nikasema.
"Mama Ayikoru, hawa hawana majina.
Huyu ni mia nne kumi na mbili."
"Jina analo. Ninyi ndio mlimvua.
Na pembeni mmemwandika nini?"
Hakutaka kusoma. Hajati akamwambia, soma.
Akasoma: *Hana.*

Hana.
Mwezi wa pili alikohoa mbele ya simu yenu,
akapewa soda na nauli ya elfu kumi,
akaniletea angara wa kukausha, huku anacheka:
"Mke wangu, wamenunua kikohozi!
Kingepimwa kwa gunia tungetajirika."
Makohozi yake yakaenda maabara,
wiki ile umeme ulikuwa ukija na kuondoka kama mgeni.
Mwezi wa sita tukamzika nyuma ya mihogo.
Cheti cha hospitali kuu kinasema wazi: kifua kikuu.
Ninacho ndani ya mfuko wa nailoni.
Hakuna aliyekuja kukiulizia.

Kwa hiyo mume wangu ni mwalimu sasa.
Anaifundisha simu kuwaambia walio kama yeye:
nyinyi wazima, rudini nyumbani.

Feni ilizunguka. Hakuna aliyekohoa.

Ndipo kijana akatuuliza tufanye nini,
na akangoja jibu, kalamu mezani.
Swadiki wa mochari, ambaye hasemi, akasema:
"Warudieni wote mliowaandika *hana*.
Nyumba kwa nyumba. Wengine mtawakuta kwangu."
Hajati akasema, na sisi tuwepo mpaka mwisho,
si siku ya kupigwa picha tu.

Nikasogeza kiti. Nilitaka kuliona neno likifutwa.
Akalifuta, akaandika: *Anacho.*
"Alikuwa nacho," nikamrekebisha.
Akarekebisha.

Kisha, kwa sauti ya mtu anayevua viatu mlangoni:
fomu inanipa haki, nikitaka,
kikohozi hiki kiondolewe kabisa.

Nilifikiri. Nje mtoto alikuwa analilia sindano.
Kiacheni, nikasema, kifanye kazi.
Ila kwanza nirudishie nyuma kidogo.
Hapana, si kikohozi.
Pale mwishoni,
baada ya pumzi.